Krenki ya Massey: Kutoka Kibaigwa Hadi Gerezani

Konda aliinama kwenye buti, akalipapasa gunia letu, akasimama tena na kumtazama mjomba. "Mzee wangu, humu ndani mna nini?"

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Kibaigwa. Taa za basi zilimulika vumbi ambalo halikuwa limetulia tangu malori ya mahindi yalipopita usiku. Mjomba akajibu kwamba humo mna krenki ya trekta, inakwenda Dar es Salaam kusagwa, na nauli yake tutailipa kama ya abiria, ila kwa sharti moja: isilazwe. Isimame wima mpaka Dar.

Konda alidhani mzee anatania. Ikabidi nieleze mimi. Krenki ni chuma kirefu chenye viwiko. Ukikilaza mahali pasipo sawa, ukakirundikia magunia ya alizeti, kisha basi likaruka matuta kwa zaidi ya kilomita 300, kinaweza kupinda. Hakipindi kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, lakini mashine ya kusagia itauona upindo huo, na injini itausikia. Konda alisikiliza, akatikisa kichwa, akamwita utingo. Wakaisimamisha kwenye kona ya buti, wakaifunga kwa mipira mitatu, na pembeni yake tukaweka silinda hedi iliyoviringishwa katika blanketi la zamani la shangazi. Mjomba hakupanda kitini mpaka alipoivuta ile mipira kwa mkono wake mwenyewe.

Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimesafiri njia hiyohiyo kuja huku. Mjomba alinipigia simu mwishoni mwa Septemba. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, basi akasema, "Mjomba, Massey imekufa." Hakuongeza neno. Niliwahi kusoma ufundi wa magari kwa miaka miwili kabla kalamu haijanichukua, na katika ukoo hilo linatosha kukufanya uitwe kila injini inapozima. Nikaomba ruhusa kazini. Mvua za Kongwa huanza Desemba, na mkulima wa huku akichelewa kupanda kwa wiki mbili, mtama na mahindi yake hukauka kabla ya kubeba. Trekta hilo hulima mashamba ya mjomba, kisha hulima ya majirani kwa kukodiwa. Likilala, wanalala wengi.

Kutoka Dar hadi Morogoro sina la kusimulia. Kila msomaji anaijua foleni ya Kibaha. Baada ya Morogoro ndipo safari inapofunguka. Unavuka Mto Wami pale Dakawa, unapita Dumila, kisha barabara inapanda taratibu kwenda Gairo na milima ya Ukaguru imekaa pembeni kama watu wanaongojea kitu. Ukiiacha Gairo, kijani kinakwisha ghafla. Nchi inatandaa, mibuyu inasimama mmojammoja, na upepo unabeba udongo mwekundu kutoka mashamba yaliyokwisha vunwa. Treni ya umeme imepita mbali na huku, kusini, kwa hiyo Kibaigwa bado ni mji wa barabara: soko lake la mahindi ndilo linalousimamisha, na malori hupanga foleni kusubiri mzigo wa kwenda Dar na kwingineko. Nilishuka jioni, nikapokewa na watoto wa jirani na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na kabla sijanawa uso mjomba alinishika mkono akanipeleka kibandani.

Trekta lilikuwa limekatwa vipande viwili.

Asiyejua anaweza kushtuka. Massey Ferguson 135 halina chesisi kama ya lori. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini kwa mbele, na giaboksi imefungwa kwenye injini kwa nyuma. Ukitaka kuitoa krenki lazima ulitenganishe trekta katikati, nusu ya nyuma ikae juu ya jeki na magogo, nusu ya mbele ivutwe. Fundi wa pale, mzee mfupi mwenye suruali iliyokolea oili mpaka inang'aa, alikuwa ameifanya kazi hiyo na vijana wawili bila winchi wala kreni. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" bila kuinua macho kutoka kwenye bloku.

Trekta hili mjomba alilinunua mnadani mwaka 1996, likiwa tayari na umri. Aina hii ilianza kutoka kwenye kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza, mwishoni mwa mwaka 1964, na ndani yake ikawekwa injini ya Perkins, AD3.152, silinda tatu, lita 2.5, nguvu ya farasi kama 45 hivi. Perkins ilikuwa kampuni ya mji wa Peterborough iliyoanzishwa na Frank Perkins mwaka 1932, na Massey Ferguson waliinunua mwaka 1959. Ni injini nyepesi kuielewa. Inawaka kwa mpangilio wa moja, mbili, tatu, na ukiizoea sauti yake unaweza kuitambua ukiwa nyumba ya tatu.

Dalili za ugonjwa zilikuwa wazi tangu mwaka uliopita: moshi wa bluu, pumzi nyingi kwenye bomba la kupumulia, oili inayopungua kila siku, na mwishowe mlio mzito wa kugonga kutoka chini kila injini ilipobebeshwa mzigo. Miaka miwili nyuma fundi mmoja alikuwa ameweka ringi mpya kwenye slivu zilezile, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, akachukua hela yake akaondoka. Ringi hizo hazikumaliza hata msimu mmoja. Mjomba akahitimisha kwamba injini imezeeka.

"Mzee, chuma hakizeeki," fundi akamwambia, bado ameinama. "Chuma kinaliwa. Swali ni nani anakula."

Kisha akanionyesha. Aliniambia nipitishe ukucha ndani ya silinda ya kwanza, kutoka katikati kwenda juu. Ukucha ukakwama. Karibu na mdomo wa silinda palikuwa na ngazi, ukingo kamili, mahali ambapo ringi ya juu huishia inapopanda. Juu ya ukingo huo slivu ilikuwa na kipenyo chake cha kiwandani, milimita 91.4. Chini yake ilikuwa imelika. Ndiyo maana zile ringi mpya zilikufa: ringi mpya ina kona kali, ikipanda inaugonga ukingo huo mara maelfu kwa saa, na mbili kati ya tatu za juu tulizikuta zimekatika.

Fundi hana kipimo cha ndani cha silinda. Hana mikrometa. Alichokifanya nilikuwa nimewahi kukisoma darasani, ila sikuwahi kukiona kikifanywa na mtu anayekitegemea kwa mkate wake. Alichukua ringi moja nzima, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni mpaka chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi hazifiki injini ikifanya kazi na slivu haijaliwa. Akapima mwanya wa ringi kwa filagegi, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya. Milimita 0.4. Akaivuta juu, chini kidogo ya ule ukingo, akapima tena. Milimita 1.7. Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa bati: 1.3. Akagawanya kwa 3.14, akapata 0.4 na ushee. Kiasi hicho ndicho kipenyo kilichoongezeka, kwa sababu mwanya wa ringi ukikua, duara lote limekua, na mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14.

"Ringi hii ndiyo mikrometa yangu," akasema. Hesabu yake niliiamini kuliko mashine nyingi nilizowahi kuziona mjini.

Milimita 0.4 ni nyingi mno. Kazi ya kawaida haili chuma namna hiyo, hata ikiwa ya miaka mingi. Kilichokula ni mchanga.

Tukaanza kumtafuta mlaji. Chujio la hewa la trekta hili ni la oili: hewa inavutwa kushuka hadi kwenye bakuli la oili, inageuka ghafla kupanda juu, vumbi zito linashindwa kugeuka nayo, linazama kwenye oili. Hewa inayobaki inapita kwenye nyuzi za chuma zilizolowa, halafu inaingia kwenye injini kwa njia ya hozi ya mpira. Ni chombo bora kwa nchi ya vumbi, kwa sharti kwamba bakuli linafunguliwa na kusafishwa. Wakati wa kulima ardhi kavu, linafunguliwa kila siku. Tulipolifungua tulikuta uji mzito wa matope, kiasi ambacho kijiko kingesimama. Mjomba akainamisha kichwa. Dereva wa trekta alikuwa akimwambia kwamba analisafisha.

Lakini fundi hakuridhika. Akasema matope kwenye bakuli yanaonyesha kwamba chujio lilikuwa linakamata. Vumbi lililokula silinda lilipita mahali pengine. Akaichomoa ile hozi, akaigeuza. Upande wa juu ilikuwa nzima na nyeusi kama mpya. Upande wa chini, pale inapogusana na chuma, ilikuwa imepasuka urefu wa kidole gumba, na mtu alikuwa ameifunga kwa utepe wa mpira wa tairi la baiskeli. Utepe ule ulikuwa umelegea. Ndani ya hozi, kuanzia kwenye ule mpasuko kwenda upande wa injini, palikuwa na vumbi jekundu laini kama unga wa muhogo. Upande wa chujio palikuwa safi.

Mjomba aliishika hozi ile kwa muda mrefu. Kipande cha mpira kisichozidi bei ya kuku wawili kilikuwa kimekula slivu tatu, ringi, beringi na krenki. Na kama tungefunga injini mpya bila kuiona hozi hiyo, injini mpya nayo ingeliwa. Hapo ndipo nilipomheshimu fundi yule kwa dhati. Mafundi wengi wanajua kubadilisha kilichoharibika. Yeye alikataa kugusa kipuri kipya mpaka ajue kilichokiharibu cha zamani.

Usiku ule tulikaa nje, na mjomba akaanza kusimulia habari za babu. Babu alikuwa kibarua katika Mradi wa Karanga. Wageni wengi wanaopita barabara hii hawajui kwamba pale Mbande, ukikata kuelekea Kongwa, unaingia katika nchi ambayo mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliamua kuigeuza shamba kubwa kupita yote Afrika. Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Mpango wao ulikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zake zikiwa Tanganyika, na Kongwa ndiyo iliyoanza. Matrekta yalitafutwa popote yalipopatikana, hata katika mabaki ya vita kule Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikapewa jina la Shervick. Mashine zilianza kazi kabla karakana na akiba ya vipuri hazijakaa sawa, mikononi mwa vijana ambao wengi wao hawakuwa wamefundishwa kuziendesha wala kuzitunza.

Na ardhi ikajibu. Mvua ikikatika, udongo wa Kongwa hukauka ukawa kama saruji, na karanga zilizomo ndani yake hazichimbiki bila kuvunja jembe. Mradi ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umekula pauni milioni 36. Babu alimwambia mjomba kwamba alichokikumbuka zaidi ni matrekta yaliyolala kwa mistari, vumbi limeyafunika mpaka rangi zake hazijulikani, na yeye na wenzake wakipita katikati yake kwenda kung'oa visiki kwa mikono.

Watu husema mradi ule uliuawa na ukame, au na udongo, au na ujuaji wa watu wa London ambao hawakuwauliza Wagogo mvua hunyesha lini. Yote ni kweli. Ila nikiwa nimekaa pale, harufu ya dizeli mikononi, niliamini pia kwamba nchi hii huziua mashine kwa njia moja ya kimya, na njia hiyo nilikuwa nimetoka kuishika kwa vidole ndani ya hozi.

Sasa turudi kwenye basi. Tulishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa za mchana, krenki ikiwa bado imesimama. Tukakodi bajaji ya mizigo hadi Gerezani.

Gerezani ni jirani na Kariakoo, na kwa mtu wa vyuma hakuna mtaa mwingine Dar es Salaam unaofanana nayo. Milango ya maduka ya spea imebanana, mbele yake wamekaa wachomeleaji, na nyuma, katika vyumba virefu visivyo na madirisha ya kutosha, zimo mashine za kuchonga na kusaga ambazo baadhi yake zina umri mkubwa kuliko wanaoziendesha. Kijana aliyetupokea alikuwa na miaka thelathini hivi, na mikono yake ilikuwa misafi ajabu. Aliiosha krenki kwa dizeli, akaifuta, akatoa mikrometa kutoka kwenye kasha lenye kitambaa.

Alipima kila shingo, yaani kila sehemu ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi, mara nne: mbele na nyuma ya shingo, na kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Sababu ni kwamba shingo ya krenki hailiki sawasawa. Mlipuko huisukuma upande mmoja, kwa hiyo hugeuka yai. Shingo za konrodi za injini hii zikiwa mpya zina kipenyo cha milimita 57.1. Zetu zilikuwa zimeshasagwa mara moja zamani, zikawa "kumi", yaani zimepunguzwa sehemu 10 za elfu moja za inchi. Sasa zilikuwa na michirizi ambayo hata ukucha uliihisi, na ya pili ilikuwa yai kabisa.

"Kumi haipo tena," kijana akasema. "Tunakwenda ishirini."

Mjomba akauliza baada ya ishirini kuna nini. "Thelathini, mzee. Baada ya thelathini hakuna beringi, unatafuta krenki nyingine."

Tulikaa pale saa nzima tukiangalia jiwe la kusagia likizunguka na maji meupe yakimwagika juu ya chuma, cheche hazipo, sauti ni ya mvumo mwembamba tu. Nilitaka kuona jambo moja, na kijana akanionyesha kabla sijauliza. Mahali shingo inapokutana na ukuta wa kiwiko hapatakiwi kona kali. Panatakiwa mviringo mdogo, laini, kama shingo ya chungu. Msagaji mwenye haraka huacha kona hiyo kali kwa sababu jiwe lake limelika vibaya. Krenki inatoka inang'aa, vipimo vyote ni sahihi, mteja anafurahi, na baada ya msimu mmoja ufa unaanzia kwenye ile kona na krenki inakatika vipande viwili. Kijana huyu alikuwa amelichonga jiwe lake upya kwa ajili ya mviringo ule. Nilimshukuru, akaniangalia kama mtu anayeshukuriwa kwa kunawa mikono.

Baada ya kusaga tukaosha njia za oili. Ndani ya krenki mna matundu membamba yanayopeleka oili kutoka shingo kubwa hadi shingo za konrodi, na humo ndimo vumbi la zamani na unga wa jiwe hujificha. Tukapitisha waya wenye kitambaa, kisha dizeli, kisha upepo wa kompresa, tena na tena. Mara tatu za kwanza ulitoka uji mweusi. Mara ya saba ikatoka dizeli safi. Nawasihi wote wanaopeleka krenki kusagwa: kazi hii msimwachie mtu, simameni hapohapo.

Silinda hedi ilipigwa skimu kidogo sana. Hapa pia kuna wanaodhani kwamba kukata zaidi ni kusafisha zaidi. Ukiikata mno, ncha za nozeli zinatokeza chini kuliko zilivyopangwa na valvu zinasogelea vichwa vya pistoni. Valvu zikasagwa kwenye viti vyake, nozeli zikapimwa, moja ikakutwa inadondosha badala ya kunyunyiza, ikabadilishwa. Basi.

Kwenye beringi tulipata shida. Duka la kwanza lilitupa kasha lililoandikwa 020. Mjomba alikuwa tayari kulipa, nikamwomba angoje. Nikarudi na moja kwa yule kijana, akaipima unene: ilikuwa ya kumi. Kasha lilisema ishirini, chuma kilisema kumi. Kama tungeifunga, mwanya wa oili ungekuwa mkubwa kupita kiasi, presha ingeshuka, na mlio ule wa kugonga ungerudi siku ya kwanza ya kulima. Tulirudisha, tukaenda duka jingine, na tangu hapo hatukununua kitu bila mikrometa. Slivu, pistoni na ringi tulizipata bila kuhangaika. Kiwanda cha Coventry kimeshafungwa, lakini injini hii iliendelea kutengenezwa kwa leseni mbali na kwao, na matrekta ya ukoo huohuo yanaundwa hadi leo kule Lahore, Pakistan. India nako wamekuwa wakiunda Massey Ferguson tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo mzee wa Kibaigwa anaweza kuingia duka la Gerezani, akataja injini iliyobuniwa kabla mpwa wake hajazaliwa, na muuzaji akanyoosha mkono kwenye rafu. Sijui magari mangapi ya leo yatapata bahati hiyo baada ya miaka 60.

Safari ya kurudi ilikuwa ya usiku. Krenki ilisimama tena, safari hii imepakwa grisi na kuvikwa nailoni. Pale Msamvu, Morogoro, abiria walishuka kula, mjomba akabaki ndani ya basi. Nilimletea chai na chapati.

Kibaigwa, fundi alikuwa ameshatoa slivu za zamani kwa kifaa alichojitengenezea: bolti ndefu, sahani mbili za chuma na nati. Mpya zilizokuja zilikuwa zimeshakamilishwa ndani, akazivuta zikakaa, akapitisha rula ya chuma juu ya bloku kuhakikisha midomo yake imelala sawa. Alifagia kibanda, akamwaga maji chini kutuliza vumbi, akafunga mlango. Hakumruhusu mtoto yeyote aingie. Beringi zilipakwa oili, krenki ikalazwa mahali pake, vifuniko vikafungwa kwa spana ya kipimo, na kila baada ya kifuniko kimoja aliizungusha krenki kwa mkono. Ilizunguka bila kukwama. Hedi ikafungwa kuanzia bolti za katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Tapeti tukaziweka kwenye mwanya wa milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Kazi hiyo ilituchukua siku mbili, na nyingine moja ya kuunganisha nusu mbili za trekta, ambayo ni kazi ya mabega zaidi kuliko ya akili.

Kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli kulifanywa na shangazi. Miaka yote ndiye anayefanya; ana subira ambayo mjomba hana. Alilegeza skrubu ya chujio, akapiga pampu ndogo ya mkono mpaka povu likaisha, akaja kwenye pampu kubwa, kisha nati za nozeli, moja, mbili, tatu. Akafuta mikono kwenye khanga ya kazi, akamwambia mjomba, "Washa."

Ilizungushwa mara ya kwanza bila mafuta ya kuwaka, mpaka mshale wa presha ya oili ulipoinuka. Mara ya pili ikashika. Moshi mweupe mfupi, kisha hakuna moshi. Fundi aliweka bisibisi kwenye bloku na sikio lake kwenye mpini wa bisibisi, akasikiliza silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaenda tena ya pili. Sisi wote tulinyamaza, hata watoto nje ya mlango. Alipoinuka alisema neno moja: "Inapumua."

Gharama yote, pamoja na nauli ya krenki, haikufika sehemu ya kumi ya bei ya trekta jipya. Mjomba aliambiwa asilifungie trekta lake jembe zito kwa saa 50 za kwanza, na hedi ilikazwa tena injini ilipopata moto na kupoa. Hozi mpya ilifungwa kwa klempu mbili mpya. Ile ya zamani mjomba ameitundika kwenye msumari mlangoni mwa kibanda, upande uliopasuka ukitazama nje, na dereva hapewi ufunguo asubuhi mpaka amwonyeshe shangazi bakuli la chujio likiwa na oili safi.

Mvua ilinyesha wiki ya pili ya Desemba. Trekta lilikuwa limeshalima heka 34. Krenki yake sasa ni ishirini, na imebakiwa na nafasi moja tu ya kusagwa.